Mkono Juu ya Jani

Treni ile ilikwenda polepole hata kivuli chake kikachoka kuisubiri. Kivuli kilitangulia, kikafika kituoni, kikajinyoosha chini ya benchi kama paka, na treni ilipowasili ilikuta kimeshashikwa na usingizi. Watu walishuka ikiwa inakwenda, wakachuma matunda ya porini kando ya reli, wakapanda tena behewa lile lile bila kukimbia. Bibi mmoja alishuka kwenda kumtazama dada yake aliyejifungua, akarudi na habari kwamba mtoto ameshaota meno na anachagua chakula. Hakuna aliyeshangaa. Walisogeana tu, wakampisha akae.

Bi Mgeni binti Faki alikuwa dirishani. Mkono wake wa kushoto umefumbata pindo la kanga, mkono wa kulia hauna kazi. Alitoka mji wenye hospitali, kusini huko Bara Hindi, anakwenda mji wenye uwanja wa ndege, na katikati ya miji hiyo miwili alikuwa na nia moja tu, nayo ni kutofika. Ndiyo maana alichagua treni hii. Mkatisha tiketi mwenyewe alimwonea huruma, akamwonyesha nyingine kali, ya kufumba na kufumbua. Akatikisa kichwa. Akamwonyesha na gari kubwa la barabarani lenye viti vya kulala na mapazia ya zambarau, limeegeshwa pale pale mbele ya macho yao. Hapo alitikisa kichwa mpaka ushungi ukamvuka. Gari lile kwa Kiswahili linaitwa basi, na Bi Mgeni hakuwa radhi kupanda kitu chenye jina hilo, hata kingekuwa na godoro la hariri.

Neno hilo alikuwa amelitoa kinywani kama mtu anavyoutoa mwiba wa samaki, akaliweka ukingoni mwa sahani, na sasa hali chakula ila anautazama mwiba. Anayedhani ni jambo jepesi na ajaribu kuzungumza Kiswahili kutwa nzima bila ya neno hilo. Atafika mlangoni ashindwe kuaga. Atashindwa kumnyamazisha mtoto, kumzuia anayemmiminia chai, kukubali alilolikataa, kukata tamaa kistaarabu. Ataanza kusimulia jambo na atajikuta amesimama kizingitini, mguu mmoja ndani mmoja nje, kwa sababu mlango wenyewe ni neno lile.

Mumewe, Mzee Shaame, fundi baiskeli wa Wete, ndiye aliyelisema. Alfajiri ya siku yake ya mwisho hospitalini walikuwa wametoa shahada pamoja, kwa sauti, na nesi akasimama kando kwa heshima. Upande huo hakuna wasiwasi. Lakini adhuhuri, jua limeingia mpaka chini ya kitanda, mzee alifumbua macho, akamtazama mkewe, na uso wake ukawa mwepesi kama wa mtu aliyekumbuka kitu.

"Basi," akasema.

Bi Mgeni akaegemea karibu, akaitika kama alivyoitika maisha yake yote: "Enhe."

Akangoja. Mpaka hapo alipokaa dirishani alikuwa bado anangoja.

Maana Mzee Shaame hakuwa na hadithi iliyokwisha. Alianza zote kwa neno hilo hilo, ameinamia baiskeli iliyopinduliwa, spana mkononi, "Basi," na wewe ukivuta kigoda ukiitika enhe, mteja anaingia na pancha, hadithi inaning'inizwa ukutani pamoja na mipira ya ndani. Siku nyingine, wakati mwingine mwezi mwingine, katikati ya kula muhogo, anatazama juu: "Basi." Na anaendelea pale pale alipokatikia, herufi ile ile, kama vile ulimwengu wote ulikuwa umemshikia pumzi. Bi Mgeni aliolewa naye kwa sababu ya hadithi ya mtu aliyekwenda kutafuta mahali upepo unapolala. Mpaka uzee wao mtu yule alikuwa hajavuka mtoni.

Sasa basi ile ya adhuhuri ilikuwa ipi?

Ikiwa ni ile ya kusukuma sahani. Yatosha. Nimechoka na sindano zenu na supu zenu za maji, na weye mke wangu nimechoka na macho yako. Ikiwa ni hiyo, amefunga. Kafunga mwenyewe kwa mkono wake, na mimi nani nifungue. Au ikiwa ni ile ya kigoda. Ikiwa alikuwa anaanza. Ikiwa mtu yule amefika mtoni, ameingiza mguu, maji ya baridi, na ndipo. Na ndipo nini? Nimebeba mdomo wa hadithi hauna kiwiliwili. Nimebeba mlango hauna nyumba. Ningepewa hata neno moja la pili. Hata "alipo". Hata "ikawa". Hata kikohozi, ningejua kikohozi kimeelekea wapi.

Mzee alizikwa kule kule ugenini, na huko Wete mikeka ya matanga ilishatandikwa. Wifi yake, Bi Time, alimpigia simu siku aliyopanda treni, na baada ya kulia vya kutosha akauliza kile ambacho kila mtu atakiuliza kabla hata hajamvua viatu: "Kaka yangu kasemaje mwisho?" Bi Mgeni alisema mtandao mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri mpaka unasikia kuku wa Bi Time wakitafuna. Aliijua mikeka ile. Neno la mwisho la maiti hupita mkekani kabla ya chai. Kila anayeingia analipokea, analipakata, anampa wa pili yake. Angesema, kasema basi. Na wote, kuanzia mkeka wa mlangoni mpaka wa uani, wangevuta pumzi pamoja, wakatikisa vichwa pamoja: ndiyo basi tena. Hayo ndiyo maneno ambayo watu hukunjia mikeka. Mtu mzima mwenye spana na mikwaruzo na mtu wake asiyevuka mto, angekunjwa na kuwekwa darini.

Kwa hiyo asifike. Eda yake ilikuwa imeshaanza, nayo ilimsubiri katika chumba cha nyuma chenye dirisha la wavu; akaona aianzie humu humu behewani. Hakujipamba, hakujitia manukato, hakumwangalia mtu. Ni kweli chumba chenyewe kilikuwa kinatembea, lakini kilitembea polepole sana, akatumai Mungu hatakiona ni safari.

Katika kila kituo alimwona mtu amechuchumaa mwisho wa jukwaa, mgongo umemwelekea, mbele yake baiskeli imepinduliwa miguu juu na gurudumu linazunguka. Vituo havikuwa na majina, au majina yake yaliandikwa kwa maandishi yanayoning'inia kama nguo kambani. Lakini mtu huyo alikuwepo katika vyote. Bi Mgeni alisema "Enhe," kwa sauti ya chini, dirishani. Gurudumu lilizunguka. Treni ikaondoka kwa unyonge wake, na mtu yule hakuinua uso.

Chakula kilimjia kwa miguu yake mwenyewe. Katika treni za huko huhitaji kukifuata. Kinapita, kinakunong'oneza sikioni. Walipita wauza mbaazi za kukaanga na vitunguu na ndimu, wauza mapera yaliyopakwa pilipili, mama mwenye sinia la maandazi ya dengu yanayotoa moshi. Aliwahi kununua andazi moja kwa adabu. Akalitia kinywani, na lilikuwa kama kipande cha mfuko wa saruji kilichonyeshewa. Si chumvi, si pilipili, si moto. Ulimi wake ulikuwa umelala kifudifudi na haukutaka kugeuzwa. Aliyatafuna mapande yale kama anafanyia kazi watu wengine.

Chai ndiyo pekee aliyoimudu, na hiyo kwa sababu ya joto lake mikononi. Waliiuza katika vikombe vidogo vya udongo, vyekundu, bila mkono wala kisahani. Watu walikunywa, kisha wakavirusha vikombe nje ya dirisha, vikapasuka kwenye kokoto za reli, pa, pa, na hakuna aliyegeuka. Bi Mgeni aliona wanafanya makosa makubwa. Kikombe kizima. Mtu kakikalia mbele ya tanuri, kakizungushia vidole, unaona alama ya kidole gumba hapa chini. Halafu kinakutana na mdomo mmoja, mara moja, na maisha yake yamekwisha kabla hakijajua kwamba kilichomo ni chai. Yeye hakurusha. Alikifuta kwa kanga, akakitia kikapuni. Kikapu kikajaa, vikombe vikaanza kugongana na kuzungumza kila treni ilipotikisika, na wenzake wakamtazama wakidhani anakwenda kufungua hoteli.

Kituo kimoja kilichofanana na vingine vyote, baada ya kumwitikia mtu wa baiskeli, alisikia sauti nyuma yake.

"Nani huyo unayemwitikia, bibi weye?"

Kiswahili. Si Kiswahili cha redioni. Kiswahili cha Wete, cha uchochoroni, chenye harufu ya dawa ya nondo kama gauni lililotolewa sandukuni baada ya miaka mingi. Aliyekisema alikuwa kikongwe wa Kihindi, mfupi, sari ya pamba imemkaa ovyo, mkononi kabeba vyombo vya bati vilivyopandana na kufungwa kwa komeo. Akakaa mbele yake bila kukaribishwa, akaanza kufungua komeo.

Alijitaja: Jaya. Kazaliwa Wete, nyuma ya duka la nguo la baba yake, ameng'oa meno ya utoto kwa uzi wa cherehani la duka lile. Akaondoka msichana, mwaka ambao wengi waliondoka, na toka siku hiyo hakupata mtu wa kumtupia neno la Kiswahili isipokuwa paka wake; huyo alikuwa akitukanwa kwa lugha hiyo ili majirani wasielewe.

"Na weye jina lako nani?"

"Mgeni."

"Hilo naliona. Nakuuliza jina."

"Ndilo jina."

Bi Jaya alicheka mpaka kifuniko cha bati kikaanguka chini ya kiti. Akasema hajapata kuona mtu amepewa jina na wazazi wake kwa ajili ya safari moja ya uzeeni. Kisha akatazama dirishani. Akasema kule Wete walimwita mgeni ingawa kazaliwa huko; alipofika huku wakamwita mgeni kwa kuwa hakuzaliwa huku. "Jina lako nimelivaa miye maisha yote, shoga. Sasa umekuja kulichukua?"

Walipita kwenye kichaka kizito, dirisha likawa jeusi kama kioo, na ndani yake Bi Mgeni aliona bibi kizee mmoja. Mmoja tu, ingawa wao walikuwa wawili. Alitikisa kichwa kuona kama atatikisika. Akatikisika, lakini kwa kuchelewa, kama anayefikiria kwanza.

Bi Jaya alipanga vyombo mapajani: chapati zilizokunjwa, viazi vya manjano, wali wa ndimu, achari ya maembe iliyokuwa nyekundu ya kutisha. Akamsukumia. Bi Mgeni akala kipande cha chapati, akashukuru, akasema kizuri. Bi Jaya akamtazama anavyotafuna.

"Usinidanganye. Unatafuna kama mbuzi anayesoma gazeti."

Bi Mgeni akabadilisha mazungumzo, akauliza treni itafika lini mji wa ndege. Bi Jaya akamwuliza mkaguzi aliyekuwa anapita. Mkaguzi akajibu neno moja na kwenda zake.

"Kasema kal."

"Ndiyo lini?"

"Kesho." Akalamba achari kidoleni. "Au jana. Kwetu ni neno moja."

Bi Mgeni aliliona hilo ni jambo la hatari kwa nchi yenye treni. Akauliza watu wanajuaje kama wameshafika au hawajafika.

"Unasikiliza sentensi iliyobaki. Akisema kal nilikwenda, jana. Akisema kal nitakwenda, kesho. Maneno yaliyo nyuma yake ndiyo yanayolishika mkono."

Treni ilipanda kilima kidogo kwa kusitasita. Vikombe vikagongana kikapuni.

"Na kama hakuna maneno nyuma yake?" akauliza Bi Mgeni. "Mtu kasema hilo moja, akanyamaza, hasemi tena?"

Bi Jaya aliacha kutafuna. Akauliza mtu huyo ni nani, na Bi Mgeni akamweleza yote: fundi, mtu wake asiyevuka mto, hospitali, adhuhuri, mikeka. Alipofika kwenye neno lenyewe hakulitamka. Aliliandika kwa kidole kwenye vumbi la dirisha. Bi Jaya akasoma, midomo inacheza.

"Hata huku lipo," akasema taratibu. "Bas."

"Lina maana ngapi?"

Bi Jaya alitaka kusema uongo. Ilionekana wazi, uongo ulifika mpaka puani. Lakini alikuwa binti wa mwenye duka, na kupunja hakumkai vizuri.

"Moja. Yatosha. Unamwambia anayekupakulia, na anaacha."

Hapo Bi Mgeni alishuka chini ndani ya nafsi yake, ngazi kwa ngazi, mpaka mahali ambapo hapana ngazi tena. Alikumbuka wodi ile. Mumewe alilala kati ya wagonjwa wa huko kwa muda mrefu, na kila mlo alikuwa anapita mgawaji, na kila mgonjwa alikuwa anasema bas, bas. Mzee Shaame alikuwa mwepesi wa lugha. Alishajifunza maji, maumivu, asante. Alijifunza na hili. Hakufia katika neno lao, la kwake na mkewe. Alifia katika neno la wodi, ambalo lina mlango mmoja tu wa kutokea. Yatosha. Kwa hiyo ule wepesi usoni ulikuwa wa mtu anayeweka mzigo chini, na mzigo wenyewe ni nani kama si yeye, aliyekuwa amemwinamia na enhe yake. Aliitika hadithi wakati mwenzake anasukuma sahani. Maisha mazima ya kuitika, na mara ya mwisho akaitika penye ukuta.

Hakulia. Aliona kulia ni kazi ya watu wenye mate. Alifumbata pindo lake la kanga, lililokunjamana vibaya kama zabibu kavu, na ambalo hakukubali lifuliwe wala lipigwe pasi, akatazama nje; na kituo kilichofuata hakikuwa na mtu mwenye baiskeli. Jukwaa tupu. Akatazama mpaka mwisho wake. Tupu.

Treni ikasimama mahali pasipo kituo. Watu walichungulia. Ikaelezwa kwamba dereva amesikia harufu.

Hilo nalo hakuna aliyelishangaa. Upande wa pili wa shamba la miwa palikuwa na nyumba ndefu yenye paa la vigae, nyumba inayolisha wapita njia, na kila anayepita ni mpita njia, hata treni. Wote wakashuka, dereva mbele, mtu mnene mwenye mkanda mpana, mkaguzi nyuma yake, na bibi aliyekuwa na habari za mtoto. Wakaketi sakafuni, safu moja ndefu toka mlango mpaka mlango. Kila mtu akawekewa mbele yake jani la mgomba lililooshwa. Bi Jaya akamkalisha Bi Mgeni ubavuni pake kwa kumvuta tu, kama kifurushi. Kikapu cha vikombe kikabaki treni, na Bi Mgeni hakukumbuka kukilinda.

Wali ulikuja katika ndoo. Aliyeibeba alikuwa mzee mrefu, peku, masharubu yake meupe yamepinda juu, na safu nzima ikawa inamwita: "Mama! Mama!"

Hata katika shimo alimokuwa, Bi Mgeni aliinua macho. "Yule mwenye masharubu ndiye mama?"

"Mama ni mjomba," akasema Bi Jaya.

"Nchi yenu kila neno limevaa nguo za mwenzake."

Mjomba alipita na upawa. Wali, dengu, maboga ya nazi, mtindi, wali tena. Aliposimama mbele ya jani la Bi Mgeni akamimina, akasubiri neno. Neno halikuja. Akamimina tena. Akasubiri. Bi Mgeni aliutazama wali bila kuugusa. Alijua anachotakiwa kusema. Lilikuwa jambo dogo, jambo la adabu, watoto wa huko wanalijua kabla ya kutembea. Alibana midomo. Mjomba akamimina.

Wengine walikula, wakamaliza, jani moja baada ya jingine likakunjwa. Hakuna aliyeinuka. Bi Mgeni alipogundua kwamba hakuna anayeinuka, Bi Jaya alimnong'oneza: hapa safu ni moja, aliyemaliza anamngojea asiyemaliza, na hainuki mtu mpaka wa mwisho aseme neno na kukunja jani. Wa mwisho ni weye. Na dereva yumo katika safu.

Kwa hiyo treni nzima, na kivuli chake, na mji wenye ndege, na mikeka ya Wete, vilikuwa vimekaa sakafuni vikisubiri kinywa cha bibi mmoja wa Kipemba. Pengine hakuna mfalme aliyewahi kuwa na nguvu kiasi hicho, na pengine hakuna aliyeitaka kidogo hivyo. Chungu ya wali ilipanda. Dengu ikashuka mteremko wake kama mto wa mvua na kufika magotini pake. Kila upawa ulimfanya awe mwanzo wa kitu na mwisho wake, na yeye akawa hataki kuwa chochote.

"Sema, shoga, tuondoke," Bi Jaya akamsihi.

"Sisemi."

"Basi fanya ishara ya—"

"Usilitaje."

Bi Jaya akajishika mdomo. Minong'ono ikapita safuni. Na Bi Mgeni, ambaye toka hospitali hakuinua sauti kwa mtu, akasema kwa Kiswahili mbele ya watu wote wasiokijua:

"Nikilisema amekwisha. Mnanielewa? Sasa hivi yuko katikati. Amesema nusu, mimi nimeishika nusu yake. Nikisema yatosha, imetosha."

Bi Jaya akatafsiri, kwa sauti ndogo. Mjomba aliweka ndoo chini, akafikiri, akaona lililo bora ni kuwapitishia wengine mtindi mwingine wakati wa kusubiri. Akaanzia kwa dereva.

"Bas, bas," akasema dereva, tumbo limejaa.

Mjomba akammiminia.

"Bas!" akasema dereva, uso umekunjamana kwa mateso.

Mjomba akammiminia tena, bila hata kumtazama usoni. Ndipo dereva alipoweka mikono yake yote miwili, minene, juu ya jani, na mjomba akavuka kwenda kwa mkaguzi.

Bi Mgeni aliliona. Aliliona kama mtu anavyoona mwanya wa ukutani kwa sababu mwanga umepita.

"Mbona kasema," akauliza polepole, "naye kamtilia?"

Bi Jaya alijibu bila kufikiri, kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yameloa. "Kusema si kitu, hiyo ni adabu. Kila mtu husema. Mjomba hasikilizi mdomo, anatazama mkono. Mkono ukiwa juu ya jani, umemaliza. Mkono usipokuwepo, weye unaendelea, unaona haya tu."

Vigae vya paa vilikuwa vinatoa sauti ya jua. Mahali fulani nje, nyuma ya miwa, kitu kilikuwa kinazunguka: tik, tik, tik, kama gurudumu lililoguswa kwa kidole.

Mkono ulikuwa wapi?

Alitazama mapajani pake. Mkono wake wa kushoto umefumbata pindo la kanga kama ulivyolifumbata njia nzima, na sasa akaufungua, kidole kwa kidole, vile vile nesi alivyofanya. Maana nesi alifanya hivyo. Adhuhuri ile, baada ya kila mtu kukubali kwamba mzee ameondoka, ndipo ilipoonekana kwamba Bi Mgeni hawezi kusimama. Alikuwa amefungwa. Nesi akafunua shuka, akakuta mkono wa Mzee Shaame umeshika pindo la kanga la mkewe, umeshika kweli, kama anavyoshika mpini wa baiskeli ya mtu ili asiondoke kabla hadithi haijanoga. Nesi akafungua kidole kimoja, kisha cha pili, akimwomba radhi mzee kwa lugha yake. Pindo likatoka limekunjamana. Bi Mgeni alilichukua akaondoka nalo, akalibeba treni nzima, akalikataza maji na pasi. Akadhani amebeba kilio chake.

Mkono haukuwa juu ya sahani. Mkono haukusukuma kitu. Ulikuwa umemshika asinyanyuke kigodani.

Akalinyoosha pindo juu ya goti, penye dengu iliyomwagika. Mikunjo ilikuwa pale pale, minne na mmoja wa kando. Alipenyeza vidole vyake humo, vikakaa.

Halafu, kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa bado hauna kazi, akautia katika chungu ya wali. Akavuta tonge, akalichovya, akalitia kinywani. Mara ya kwanza hakikutokea kitu. Kisha chumvi ikamgonga pembeni mwa ulimi, kali, ya ghafla, kama mtu anayebisha hodi kwa teke. Na nyuma yake ikaja pilipili, na nyuma ya pilipili mtindi, na vyote vikaingia kwa pamoja bila kuvua viatu. Machozi yakamtoka. Bi Jaya akajua ni pilipili. Dereva akajua ni huzuni. Vyote viwili vilikuwa humo.

"Hukufika kuniambia," akasema Bi Jaya baada ya kumwacha ale kidogo, "mtu yule aliyekwenda kutafuta upepo unapolala. Alivuka?"

"Hakuvuka. Mwenyewe hajui kinachofuata, wala miye sikijui."

"Na wa Wete utawaambiaje?"

Bi Mgeni alilamba vidole. Alitazama safu, toka mlango mpaka mlango: mkaguzi, bibi mwenye habari za mtoto, dereva na mikono yake juu ya jani, wote wamekaa sakafuni wanamsubiri, kama watu waliokaa mkekani. Hawakujua Kiswahili. Hilo halikumhangaisha, Mzee Shaame aliwahi kuwasimulia hata wateja viziwi. Akavuta pumzi. Hakuujua mto ule una kina gani, wala upande wa pili kuna nini. Alijua tu kwamba mguu wa mtu yule umekaa majini muda mrefu sana, na lazima sasa umekufa ganzi.

"Basi," akasema.

"Enhe," akaitika Bi Jaya.

Mjomba alisikia neno, akageuka na ndoo yake. Akautazama mkono wa bibi yule. Ulikuwa juu hewani, unaonyesha upana wa mto. Akammiminia.

Na dereva, ambaye hakuelewa kitu ila alielewa, akaiondoa mikono yake juu ya jani.